Fomu Kumi na Mbili za Mama Sensa

Mama Sensa alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amepima dirisha moja kati ya mawili. Alikuwa fundi wa mapazia. Siku hiyo alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyeishi peke yake mwisho wa mtaa. Alipanda juu ya stuli, akapima dirisha la kwanza, akaandika vipimo kwenye kijikaratasi, akashuka, akasema, "Mwalimu, hebu ningoje kidogo," akaketi kwenye kochi. Mwalimu akangoja. Alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo alingoja kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Jina la Sensa alipewa na majirani, miaka mingi kabla binti yake hajaingia chuo kikuu. Anayepima madirisha huingia mpaka vyumba vya ndani, na mtu mwenye futi ya kupimia shingoni hakuna anayemwogopa. Alijua nani analala wapi, nani hasemi na nani, na godoro lipi limegeuzwa upande wa pili. Mumewe alikuwa fundi wa kufuli. Yeye pia alizijua nyumba zote, ila kwa nje tu. Alisimama mlangoni, akatengeneza, akajaribu ufunguo mara tatu, akaenda zake. Kwa miaka thelathini milango ya mtaa mzima ilikuwa imepita mikononi mwake, na hakujua nyuma yake kuna nini. Akitaka kujua alimwuliza mkewe. Kwa kawaida hakutaka.

Siku ya tatu ya msiba Mwalimu alikuja na kile kijikaratasi, akamkabidhi mume wa marehemu kwa mikono miwili.

"Hivi ni vipimo vya dirisha la kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "La pili hakuwahi. Sina haraka, Fundi. Hata nikipata nusu ya kazi nitashukuru."

"Nusu ya pazia, Mwalimu?" akauliza Mama Mdogo, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe. "Na jua likija upande wa pili utajikinga na gazeti?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka walipo, wakainamisha vichwa. Fundi aliitia ile karatasi kwenye mfuko wa shati, akaubonyeza mfuko mara mbili ili ahakikishe imekaa. Mama Mdogo alikuwa amekuja kukaa wiki moja.

Binti yao, waliyemwita Msomi tangu darasa la pili, alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili katika mbinu za utafiti wa jamii. Mama yake ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwaeleza majirani maana yake.

"Anasomea kuuliza maswali," alikuwa akisema.

"Miaka miwili yote?"

"Maswali ni mengi."

* * *

Wiki ya saba baada ya mazishi, Msomi alibeba boksi la fomu zake sitini mpaka ofisini kwa msimamizi wake. Utafiti wake ulihusu jinsi uamuzi unavyofanyika ndani ya kaya, na sampuli aliichukua mtaani kwao, kila nyumba ya tano kuanzia kwenye bomba la maji. Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia wanafunzi. Ilikuwa desturi yake kwamba kabla ya kusoma sura yoyote, alifumba macho, akaingiza mkono kwenye boksi, akachomoa fomu sita. Wanafunzi waliiita bahati nasibu.

Ya kwanza aliipitia bila neno. Ya pili, kaya namba thelathini na nne, ilimkalisha wima.

"Mwandiko huu si wako."

"Ni wa msaidizi wangu, Daktari."

"Aliifanya lini?"

"Jumapili, tarehe kumi na tatu."

Msimamizi akalimwaga boksi lote mezani, akaanza kutenganisha. Alipomaliza alikuwa na kirundo cha fomu kumi na mbili, mwandiko mmoja, tarehe moja.

"Mahojiano yako yanachukua dakika hamsini. Umeandika mwenyewe kwenye sura ya tatu. Hamsini mara kumi na mbili ni mia sita. Hizo ni saa kumi, bila kutembea, bila kunywa maji, bila mtu kukwambia ngoja niepue sufuria. Huyu msaidizi alikula saa ngapi?"

Msomi akakitazama kile kirundo.

"Twende swali la tisa. Nani huamua matumizi makubwa ya nyumba? Majibu ni mume, mke, wote wawili, au mwingine. Amezungushia mke. Sawa. Halafu pembeni ameandika, 'Mume hutangaza.' Haya ni maneno ya mhojiwa?"

"Sidhani, Daktari."

"Mpigie simu, aje."

"Hapatikani."

"Amehama?"

"Amefariki. Alikuwa mama yangu."

Msimamizi akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine, akaivua nayo. "Pole sana, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Kisha, kwa upole uleule, akauliza, "Na hizi kumi na moja nyingine, aliuliza?"

Msomi akaeleza. Wiki ile koo lilikuwa limemkauka, sauti imebaki ya kunong'ona, na fomu kumi na mbili hazijaguswa. Mama akasema, nipe mimi. Alimfundisha jioni moja, kwa ishara. Kesho yake, aliporudi kutoka zahanati mchana, alizikuta mezani zimejaa, zimepangwa kwa namba, kingo zimelingana kama kitambaa kilichokunjwa. Alifurahi mno, hakukagua. Kusema kweli sehemu moja ya moyo wake ilishtuka, lakini sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na usingizi zaidi.

"Hizi zinatoka," akasema Msimamizi. "Zikitoka unabaki na arobaini na nane, na uliahidi sitini. Una wiki mbili. Urudie nyumba zote kumi na mbili, wewe mwenyewe, kwa kuuliza. Usipowahi, unangoja mwaka mzima. Na sura ya tatu iongezwe aya moja ieleze zile za kwanza zimeondolewa kwa nini."

"Niandikeje?"

"Uandike kwamba zilipikwa."

"Hilo ndilo neno la kitaalamu?"

"Neno la kitaalamu ni refu. Maana yake ni hilo."

Msomi alirudi na boksi lake kifuani. Kurudia nyumba kumi na mbili hakukumtisha. Iliyomsumbua ni ile aya. Tasnifu ikishapita hukaa maktaba, inasomwa na yeyote, miaka na miaka. Ukurasa wa kwanza aliandika tayari, tena siku ya tano ya msiba, kwamba kazi hii ni kwa mama yangu. Na sasa ukurasa wa arobaini na moja utasema mama yangu alipika.

* * *

"Dada yangu hakupika kitu maishani bila kuonja," akasema Mama Mdogo alipoelezwa. Alikuwa akikata vitunguu, kisu kikasimama hewani.

"Mama Mdogo, si mboga."

"Ndiyo nakwambia. Kama aliandika mke, basi ni mke. Huyo Daktari wako amewahi kufika kwa Dereva? Ameiona ile nyumba?"

"Hapaswi kuiona. Tulipaswa kuwauliza wenyewe."

"Ukamwulize mwizi kama ameiba."

Baba alikuwa mwisho wa meza na kufuli la stoo ya mtu, amelifungua, vipande vimepangwa juu ya gazeti. Tangu mazishi alikuwa akisema maneno machache sana kwa siku, na mengi yake yalikuwa "haya" na "asante".

"Alikaa pale," akasema.

Wote wawili wakageuka. Kidole chake kilielekea kwenye meza ya cherehani.

"Ile Jumapili. Alianza baada ya chai, akamaliza kabla ya saa sita. Nikamwuliza, mama, hivi si unatakiwa uende ukawaulize? Akaniambia, niwaulize ili wanidanganye?"

"Baba, ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza," akasema baba. "Wewe ndiye unayesomea kuuliza."

Mama Mdogo alicheka mpaka akalazimika kusingizia vitunguu. Msomi hakucheka. Alizitandaza fomu mezani, akaanza kuandika orodha ya nyumba za kurudia. Kumi na moja zilikuwa za majirani. Ya kumi na mbili ilikuwa ya kaya namba ishirini na mbili, yaani wao wenyewe. Hesabu ya nyumba ya tano ilikuwa imeangukia mlango wao, naye alimwambia mama airuke, watachukua nyumba inayofuata, kwa sababu mtafiti hajihoji. Mama hakuiruka. Fomu hii ilikuwa imeandikwa pembezoni kote mpaka nafasi ikaisha, maneno yakageukia nyuma ya karatasi.

Msomi aliisoma amesimama. Akaikunja, akaiweka chini kabisa ya boksi.

"Hiyo ya nani?" akauliza baba.

"Ya kwetu."

Baba akafuta mafuta vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Haya," akasema. Baada ya muda akauliza, "Kesho tunaanza nyumba gani?"

"Tunaanza?"

"Ukienda peke yako watakuona mtoto wa marehemu, watakulilia, hutauliza kitu. Mimi hawanililii. Wamezoea kuniona mlangoni."

Kwa hiyo jioni hiyo alimfundisha. Mhojaji hatikisi kichwa, hacheki, haonyeshi jibu lipi ni zuri, hammalizii mtu sentensi. Mhojiwa akinyamaza, mhojaji anangoja.

"Hayo nimeyafanya miaka thelathini na mama yako," akasema baba. "Kuna jingine?"

* * *

Kwa Dereva wa lori waliketishwa sebuleni chini ya picha ya lori. Dereva alikuwa mtu mkubwa, akijibu maswali kana kwamba anapiga honi. Mkewe, mwanamke mdogo wa umbo, aliweka chai mezani akabaki amesimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Swali la tisa," akasema Msomi. "Katika nyumba hii, nani huamua matumizi makubwa?"

"Mimi."

Msomi akazungushia mume.

"Kitu kikubwa cha mwisho kununuliwa ni nini?"

"Friji."

"Nani aliamua?"

"Mimi tena. Nilitoka safari, nikamwita mama watoto, nikamwambia, sasa imefika wakati, tunanunua friji."

"Halafu?"

"Akasema iko jikoni."

Mke alikuwa akiangalia picha ya lori. Baba aliinuka polepole, akaenda mlangoni, akaanza kukichunguza kitasa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kitasa hakikuwa na kosa lolote, alikitia yeye mwenyewe.

"Kina shida, Fundi?" akauliza Dereva.

"Kidogo," akajibu baba bila kugeuka. "Kitakaa sawa."

Walipofika barabarani alijifuta macho kwa kiganja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile Jumanne, na kicheko kilikuwa kimemwacha amechoka, kama mtu aliyebeba kabati.

"Umeandika nini?" akauliza.

"Mume."

"Na friji?"

"Baba, mimi naandika wanachosema."

"Basi mama yako alikuwa na haki ya kukaa nyumbani."

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja mwenye duka la vifungo na nyuzi. Aliulizwa watu wangapi wamelala ndani kwa usiku uliopita. Akasema wanne. Nyuma ya pazia la chumba cha pili mtu akakohoa. Wote watatu walisikia.

"Wanne," akarudia mama wa vifungo, safari hii kwa sauti kubwa, akilielekea pazia.

Lile pazia lilikuwa zito, lenye kitambaa cha ndani na cha nje, kazi ya Mama Sensa. Kwenye fomu yake aliandika watano, na pembeni, "Wa tano ni shemeji, yupo kwa muda, mwaka wa tatu sasa." Msomi aliandika wanne. Mkono ulimwuma kidogo.

Wakafika swali la kumi na nne. "Ukipatwa na shida ya ghafla, nje ya watu wa nyumba hii, wa kwanza kumwendea ni nani?"

"Si namkimbilia mama ya..." Mama wa vifungo akaishia hapo.

Kanuni ilisema mhojaji angoje. Msomi akangoja. Baba naye akangoja, mikono magotini.

"Unauliza zamani au sasa?"

"Sasa."

"Sasa bado sijapata mtu," akasema mama wa vifungo.

Siku ile ya kwanza walidhani ni yeye tu. Lakini kesho yake muuza mkaa alijibu karibu vilevile, na mke wa askari wa zamu, na wengine. Kati ya nyumba kumi na moja, nane zilimtaja marehemu. Jibu hilo halikuwa na namba kwenye fomu. Kulikuwa na mtu wa ukoo, jirani, rafiki, kiongozi, na mwisho kabisa, "mwingine, taja". Msomi akazungushia mwingine mara nane, na mara nane akataja, "amefariki". Usiku, alipolinganisha na zile fomu za mama, aliona mama yake kwenye swali hilo alizungushia jirani, zote kumi na moja. Kila swali lingine alikuwa na la kusema pembeni. Hapo hakuandika kitu.

Kwa Mwalimu walikwenda mwisho. Kochi lilikuwa limesogezwa ukutani. Kwa swali la tisa alifikiri sana.

"Andika wote wawili."

"Mwalimu, unaishi peke yako."

"Najua ninavyoishi. Jana nilitaka kununua redio, nikasikia akinikataza. Sikununua. Sasa hapo nani ameamua?"

Msomi akaangalia fomu ya mama chini ya ubao wake wa kuandikia, ingawa kanuni ilikataza. Palizungushiwa wote wawili. Pembeni palikuwa na maneno matatu tu, "Mke amefariki, lakini." Sentensi haikuendelea.

Mahojiano yalipokwisha, baba alitoa kwenye mfuko wa shati kile kijikaratasi, kimeshalegea kwa jasho. Akatoa na futi ya kupimia, ambayo Msomi hakujua kwamba anatembea nayo. Akaomba stuli. Akapima dirisha la pili, upana mara tatu na urefu mara tatu kama anavyojaribu ufunguo, akaandika chini ya mwandiko wa mkewe.

"Nani atashona?" akauliza Mwalimu.

"Shemeji yangu anasema anajua."

"Anajua?"

"Anasema."

* * *

Msimamizi alipewa fomu mpya kumi na mbili, ya mwisho ikiwa ya nyumba jirani iliyochukua nafasi ya kwao. Akaziweka sambamba na zile za zamani, akasoma asubuhi nzima, Msomi amekaa kwenye kiti kigumu.

"Maswali ni ishirini," akasema mwishowe. "Kwa kila nyumba mama yako na wenyewe wanakubaliana kwa kumi na saba hivi."

"Ndiyo, Daktari."

"Na hayo matatu?"

"Hayo wamedanganya."

"Nani?"

"Wenyewe."

Msimamizi akabadilisha miwani bila sababu. Mdomo ulikuwa ukimchezacheza. "Siwezi kupokea ukweli ambao haukuulizwa," akasema.

"Basi unaitwaje?"

"Unaitwa umbea. Huu ni umbea sahihi, sijawahi kuona umbea sahihi namna hii. Lakini ni umbea. Lete ile aya."

Msomi akampa karatasi. Aliiandika mara kumi na tano, na kila mara ilizidi kuwa fupi. Ilisema hivi: "Fomu kumi na mbili za awali zimeondolewa katika utafiti huu. Aliyezijaza hakuwauliza wahojiwa. Alikuwa mama wa mtafiti, fundi wa mapazia, aliyewajua."

"Hujaandika kwamba zilipikwa."

"Nimeandika kwamba hakuuliza. Hilo ndilo lililotokea."

Msimamizi akafikiri, akakubali kwa kichwa. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya neno la mwisho. "Aliyewajua, hapana. Hayo ni maoni. Ushahidi wako uko wapi?"

"Swali la kumi na nne," akasema Msomi.

Msimamizi akarudi kwenye fomu mpya, akalitafuta swali la kumi na nne kwenye moja, halafu kwenye ya pili. Alipofika ya tano aliacha kuharakisha. Alizisoma zote. Alipomaliza akavuta ile aya, na juu ya neno alilolikata akaandika kwa kalamu ileile nyekundu: "Libaki."

"Na hizi za zamani nizichome?" akauliza Msomi.

"Utaratibu unaruhusu kuchoma, au kuzifungia mahali pasipofunguliwa ovyo. Na yeyote aliyeandikwa ana haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake. Yake tu. Ya mwenzake hapana. Una mahali pa kufungia?"

"Baba yangu ni fundi wa kufuli," akasema Msomi.

* * *

Tasnifu iliwahi, siku mbili kabla ya mwisho. Iko maktaba, na aya ile iko ukurasa wa arobaini na moja. Msomi atavaa joho mwezi wa kumi na moja. Mama Mdogo alishamaliza kushona mapazia ya Mwalimu, moja refu kuliko jingine kwa vidole viwili, na Mwalimu alisema hakugundua. Ile wiki yake moja haijaisha.

Baba alitengeneza sanduku la bati lenye kufuli aliloliunda mwenyewe, akazifungia humo zile fomu kumi na mbili. Hakuna aliyejua habari zilivyotoka, ingawa mke wa Dereva alionekana akipita nyumba tatu kwa siku moja. Dereva ndiye aliyekuja wa kwanza. Aliketi, akapewa fomu yake, akaisoma midomo ikimcheza.

"Mimi hutangaza?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema baba.

"Nani alimwambia?"

"Hakumwuliza mtu."

Dereva akaisoma tena tangu juu. "Ameandika pia kwamba nikiwa safarini naota nyumbani. Hilo sijamwambia hata mke wangu." Akairudisha kwa mikono miwili. "Nitakuja tena kuisoma, Fundi, kama si usumbufu."

Mama wa vifungo alikuja na shemeji yake, ambaye alitaka kuona jinsi alivyotajwa. Baada ya kuridhika akaomba aitupie jicho ya muuza mkaa, kidogo tu.

"Yako tu," akasema baba. "Ya jirani ni siri."

"Fundi, tumejuana miaka mingapi?"

"Ndiyo maana ya kufuli."

Mwalimu alikuja, akasoma, akabaki ameshika karatasi muda mrefu, kidole kwenye lile neno "lakini". Baba hakumharakisha. Siku hizi wakija huwaacha wakae. Huwawekea kiti, huwapa chai, na wakianza kusema husikiliza mpaka mwisho, hatikisi kichwa, hammalizii mtu sentensi. Wengine husema na ambayo hayamo kwenye fomu.

"Na yako, baba?" Msomi alimwuliza Jumapili iliyopita.

"Nangoja zamu yangu. Kuna watu mbele."

Sanduku liko juu ya meza ya cherehani. Ufunguo ni mmoja, anao baba, kwenye mfuko wa shati. Mpaka leo wamekuja tisa. Waliobaki ni muuza mkaa, mke wa askari wa zamu, na baba.